Mashine ya mkate: itakuokolea hela au itakula kabati?

Ukihudhuria kicheni pati mbili tatu mwaka huu, angalia vizuri meza ya zawadi. Blenda ipo, jagi la umeme lipo, seti ya vikombe ndiyo usiseme. Halafu kuna lile boksi kubwa ambalo mashangazi wanalizunguka wakiulizana, "Hiki nacho ni nini?" Ni mashine ya mkate. Unatia maji, mafuta, unga, sukari, chumvi na hamira, unabonyeza, unakwenda zako kuangalia tamthilia. Inakanda, inaumua, inaoka. Baada ya saa tatu hivi unatoa mkate wa moto, nyumba nzima inanukia.

Kwetu kitu hiki kilileta mjadala wa wiki tatu. Mimi na mume wangu tunaweka akiba ya kiwanja, kila shilingi ina kazi yake. Nilipomtajia bei akaweka rimoti chini. "Mke wangu, hayo si matofali kabisa?" Sikumlaumu. Laki kadhaa kwa ajili ya mkate, wakati duka la Mangi liko hatua kumi kutoka getini! Lakini yeye anaondoka saa kumi na moja alfajiri, dukani bado kumefungwa, na mtoto anabeba slesi shuleni. Tukachukua karatasi.

Nawashauri wapenzi wote mfanye hivyo kabla hamjanuniana. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa mikate miwili ya kama robo tatu kilo kila mmoja. Umeme hautishi kama watu wanavyodhani: mashine ya wati 600 ikioka kwa dakika 50 inakula nusu uniti ya LUKU, na wakati wa kukanda mota inavuta kidogo sana. Jumlisha unga, hamira, mafuta na umeme kwa bei za mtaani kwako, kisha linganisha na mkate wa dukani wa uzito huo huo. Uzito, jamani, si urefu wa mfuko!

Tuseme mashine ni laki tatu na kila mkate unakuokolea shilingi 1,000. Unahitaji mikate 300 ndipo uanze kula faida. Anayeoka kila siku atafika kabla mwaka haujaisha. Anayeoka Jumapili tu atahitaji karibu miaka sita, na sidhani kama mkanda wa mashine ya bei poa utamsubiri. Sisi tunakula mkate mmoja kwa siku, kwa hiyo mzee alilainika, kwa sharti kwamba hela isitoke kwenye kiwanja. Tukaikusanya pembeni kwa miezi mitatu, tukakata safari za nyama choma za mwisho wa mwezi. Kama nyie mnakula mkate mara moja moja, nunueni wa dukani kiroho safi.

Haya, umeamua kununua. Cha kwanza kugeuza ni mgongo wa mashine, usome volti. Ndugu wa Marekani wana moyo wa kutuma zawadi, lakini mashine ya kule ni ya volti 120 na soketi zetu zinatoa 230. Ukiichomeka hivi hivi, umeiua. Transfoma ya kuibeba nayo ni gharama nyingine, na ni zito kama jiwe. Ya Uingereza haina shida, hata plagi yake ya miguu mitatu ni hii hii ya kwetu.

Swali la pili ndilo wauzaji wengi hawalipendi: umeme ukikatika katikati, inakumbuka ilipofikia? Mgao ulipungua baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, lakini si unajua tena, tawi likiangukia nyaya mtaani kwenu hakuna bwawa litakalokusaidia. Mashine nzuri hushikilia kumbukumbu kwa dakika 10 au 15, umeme ukirudi inaendelea. Isiyo na kumbukumbu inaanza upya, na unga wako unakuwa kasheshe. Mimi nisingenunua ya namna hiyo hata kwa nusu bei.

Kisha fungua mfuniko, toa sufuria. Mashine hizi zilianzia Japani katika miaka ya 1980, kampuni ya Matsushita, ambayo leo tunaiita Panasonic. Walipoona unga haukandiki vizuri, mtaalamu wao Ikuko Tanaka alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akagundua kwamba jamaa hakandi tu, anavuta na kusokota. Ndipo wakaweka vijimbavu ndani ya sufuria ili unga ushikwe wakati pangaboi dogo la chini linazunguka. Pitisha kidole uvitafute. Angalia pia ule weusi usiogandisha. Ukianza kubanduka, umekwisha. Uliza kama pangaboi na sufuria vinauzwa peke yake. Jibu likiwa "vitaagizwa", jua hakuna.

Kuhusu saizi, wawili na mtoto inawatosha ya gramu 750. Idadi ya programu isikubabaishe, 12 au 25 utatumia tatu. Moja iwe ile ya kukanda na kuumua bila kuoka, maana hiyo ndiyo inayotuokoa kwa maandazi na skonzi. Mkate wa kumimina msahau, ule una jiko lake na fundi wake, bibi yako.

Kwa joto la Dar, tumia maji ya baridi na upunguze hamira kidogo, la sivyo mkate unapanda upesi halafu unabonyea katikati. Ukiutegesha usiku uoke alfajiri, usitie maziwa wala mayai, yatalala kwenye joto saa nyingi. Hamira iweke juu kabisa ya unga, mbali na maji.

Na mtumba? Kariakoo utaiona, tena kwa bei ya kuchekesha. Usilipe mpaka umechomeka hapo hapo dukani na kubonyeza programu ya kukanda. Pangaboi lizunguke bila kukwaruza, na mota isinuke moto. Geuza sufuria uangalie chini: kukiwa na alama za maji au unga uliokauka kwenye shina, inavuja. Rudisha mezani, mwambie muuzaji asante, mwende zenu mkale mishikaki.