Dawa za kuzuia damu kuganda: doa jeusi kwenye ngozi si la kungoja

Kindu, Maniema – Mgonjwa mwenye damu iliyoganda mguuni au mapafuni anaweza kuandikiwa warfarini au Sintrom. Dawa hizi huokoa maisha. Lakini kwa wagonjwa wachache sana, kati ya 1 na 10 kwa kila watu elfu 10, zinaweza kuozesha ngozi.

Mambo huanza mapema, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 10. Mgonjwa husikia maumivu makali penye mafuta mengi: matiti, mapaja, matako au tumbo. Ngozi inakuwa nyekundu, kisha zambarau, mwisho nyeusi. Wanaopatwa zaidi ni wanawake, hasa wanene. Wengine hudhani wamerogwa, na siku zinapotea.

Sababu yake

Dawa hizi huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza protini za kugandisha damu. Shida ni kwamba vitamini hiyo inahitajika pia kwa protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo. Protini C hupungua kwa saa chache, huku baadhi ya zile za kugandisha zikibaki siku kadhaa. Kwa hiyo, siku za kwanza, damu inaweza kuganda katika mishipa midogo na ngozi ikafa. Ndiyo maana mgonjwa mwenye damu iliyoganda huanzishiwa pia sindano za heparini kwa siku 5 au zaidi, bila kupewa dozi kubwa ya vidonge mara moja.

Alama nyingine ni vidole vya miguu kuwa zambarau na kuuma, kwa kawaida kati ya wiki ya 3 na ya 8.

Na sombe?

Sombe na lengalenga zina vitamini K nyingi. Si lazima kuziacha: kula kiasi kilekile kila wiki, na ufuate vipimo vya damu vya INR.

La kufanya

Ukiona doa linalouma, nenda hospitali siku hiyohiyo na boksi la dawa mkononi. Usipake majani, usichanjwe. Muganga ndiye ataamua kusimamisha vidonge, kutoa vitamini K na kubadilisha dawa. Ukikata dawa kimyakimya nyumbani, damu inaweza kuganda tena na kufika mapafuni.