Umri wa Mlima Kenya Wasomwa Katika Mawe

Wakulima wa Kianjokoma, katika nchi ya Embu, huutazama Mlima Kenya asubuhi kabla haujafunikwa na mawingu. Udongo mwekundu unaostawisha mibuni na michai yao umetokana na mawe ya mlima huo, ambao wenyeji huuita Kirinyaga. Zamani ulikuwa mlima wa moto. Kwa hiyo mwenye shamba ana haki kuuliza: moto huo ulizimika lini, nao je, waweza kurudi?

Hapana mtu aliyeuona, wala hadithi za wazee hazifiki mbali hivyo. Ushahidi umo katika mawe. Zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilitiririka ikaganda tabaka juu ya tabaka, na la chini ndilo lililotangulia. Lakini tabaka halitaji miaka.

Miaka huhesabiwa hivi. Ndani ya mawe hayo mna potasiamu, ambayo imo pia katika majivu ya kuni. Sehemu yake ndogo sana hugeuka polepole, kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya sehemu hiyo huisha kwa miaka milioni 1,250, na baadhi yake huwa hewa iitwayo argoni. Jiwe likiwa limeyeyuka, hewa hiyo hutoroka. Likiganda, hufungiwa ndani. Ni kama kibuyu kitupu kilichowekwa chini ya matone ya maji: ajuaye mwendo wa matone, akiyapima maji, hujua kibuyu kiliwekwa lini. Jiwe lililooza halifai, maana hewa yake imekwisha kuvuja.

Kwa kipimo hicho imeonekana kuwa mlima ulijengwa hasa yapata miaka milioni 3.1 hadi 2.6 iliyopita. Vilele vya Batian, wenye mita 5,199, na Nelion ni mawe yaliyoganda katika koo la mlima. Kuta zilizoyazunguka zililiwa na barafu na mvua.

Milima iliyo hai, kama Ol Doinyo Lengai wa Tanzania, uliolipuka mwaka 1966 na tena 2007, ni habari nyingine. Kwa milipuko ya miaka elfu chache, wataalamu hutafuta makaa ya miti iliyofunikwa na majivu, kwa kuwa kaboni ya namna moja iliyomo hupungua nusu kila miaka 5,730.

Mlima Kenya huhesabiwa kuwa umezimika. Mkulima wa Kianjokoma asihofu moto wake, ahofu mvua. Udongo uliochukua maelfu ya miaka kufanyika kutokana na jiwe waweza kuchukuliwa na mto Rupingazi kwa misimu michache, na shamba lisilo na matuta ndilo litakalotangulia.