William Cuffay, Mshona Nguo

Miongoni mwa Waakan wa Afrika ya Magharibi, mtoto mwanamume azaliwaye siku ya Ijumaa huitwa Kofi, kama vile watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamwitavyo Juma. Inadhaniwa kwamba jina la ukoo wa Cuffay latokana na jina hilo.

Yasemekana babu yake William Cuffay alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani mpaka St Kitts, kisiwa cha bahari ya Karibi, ambako watumwa walilimishwa miwa katika mashamba ya Waingereza. Baba yake naye alikuwa mtumwa huko. Lakini alipopata uhuru alikwenda Uingereza, akawa mpishi katika merikebu ya vita. Huko akaoa, na mwaka 1788 William akazaliwa karibu na mji wa Chatham.

Mtoto huyo alikuwa na mgongo uliopinda, na hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikufika futi 5. Akafundishwa ushoni, na sindano ikawa riziki yake. Mwaka 1834 washoni wa London waligoma. Cuffay akagoma pamoja nao, akapoteza kazi yake. Ndipo alipoona kwamba maskini asiye na kura hana wa kumtetea katika Bunge. Akajiunga na watu waliodai haki 6 katika maandiko yaliyoitwa Hati ya Watu, na ya kwanza ni kura kwa kila mwanamume aliyetimiza miaka 21.

Mwaka 1848 alishtakiwa kwa kula njama juu ya serikali, akahukumiwa kupelekwa ng'ambo maisha. Akasafirishwa mpaka Tasmania, koloni la Waingereza kusini ya Australia, akafika mwaka 1849. Huko akaruhusiwa kushona nguo kwa ujira. Mwaka 1853 mkewe, Mary Ann, akamfuata.

Mwaka 1856 Cuffay alisamehewa. Lakini hakurudi Uingereza. Mwaka huo huo kura ya siri, mojawapo ya zile haki 6, iliwekwa kuwa sheria Tasmania. Naye hakunyamaza, bali alisimama mikutanoni kuipinga sheria ya mabwana na watumishi, iliyowaonea wafanyakazi.

Alikufa mwaka 1870 katika nyumba ya maskini mjini Hobart, umri wake ukiwa karibu miaka 82. Mali hakuacha. Lakini mjukuu huyo wa mtumwa aliacha jina la mtu ambaye kifungo hakikumfunga ulimi.