Kaka walihama ligi, dada wakabaki kuhesabu vichwa

Minneapolis, Marekani. Zilibaki sekunde 18.9. Wisconsin walikuwa nyuma kwa mabao 3-2 mbele ya Ohio State, na ubingwa wa magongo ya barafuni kwa wanawake wa vyuo vikuu Marekani ulikuwa unawaponyoka huku wanauona. Waamuzi wakatoa penalti. Kirsten Simms akaenda kuipiga, akafunga. 3-3. Dakika za nyongeza zilipoanza, Simms huyohuyo akamaliza kazi. 4-3, Wisconsin bingwa.

Hiyo ilikuwa Machi 2025 kwenye Uwanja wa Ridder, uwanja wa kwanza nchini humo kujengwa mahsusi kwa ajili ya timu ya wanawake ya chuo. Ilikuwa pia fainali ya tatu mfululizo kuwakutanisha wababe hao wawili. Mwaka 2023 Wisconsin walishinda 1-0, mwaka 2024 Ohio State wakalipa kisasi kwa 1-0 hiyohiyo.

Lakini kuna jambo linalomchanganya kila anayeanza kuufuatilia mchezo huu. Wisconsin na Ohio State ni vyuo vya Big Ten, moja ya ligi zenye fedha nyingi zaidi katika michezo ya vyuo vya Marekani. Timu zao za wanaume za magongo ya barafuni zinacheza Big Ten. Wasichana wao hawachezi huko. Wao wako WCHA, ligi ambayo kwa upande wa wanaume ilishakufa na kuzikwa.

Imekuwaje dada wakabaki kwenye nyumba ambayo kaka zao waliihama?

MKWANJA WA PEGULA

Kwa vyuo vya Marekani, kila chuo kina ligi yake kuu, lakini mchezo ambao ligi hiyo haina huchezwa kwingine. Kwa miaka mingi Big Ten haikuwa na magongo ya barafuni, kwa sababu vyuo vyake vyenye timu za wanaume vilikuwa vitano tu. Minnesota na Wisconsin walikipiga WCHA. Michigan, Michigan State na Ohio State walikuwa CCHA. Mambo yalikwenda hivyo na kila mtu aliridhika.

Septemba 2010 tajiri wa gesi Terry Pegula na mkewe Kim wakaweka mezani Dola 88 milioni kwa Chuo Kikuu cha Penn State, ujengwe uwanja wa barafu na zianzishwe timu mbili, ya wanaume na ya wanawake. Ghafla Big Ten ikawa na timu sita za wanaume. Sita ndiyo namba inayotakiwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ili bingwa wa ligi apate tiketi ya moja kwa moja ya michuano ya taifa. Machi 2011 Big Ten ikatangaza ligi yake, na msimu wa 2013-14 mpira ukaanza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vyuo vikubwa vilivyobaki WCHA, vikiwamo North Dakota, Denver na Minnesota Duluth, havikutaka kubaki na wadogo. Miezi michache tu baadaye vikatangaza ligi mpya, NCHC, na kumchukua Miami kutoka CCHA. St. Cloud State na Western Michigan wakafuata. CCHA, iliyodumu tangu 1971, ikafa mwaka 2013. WCHA ya wanaume ikabaki na walioachwa, ikajikongoja hadi 2021, vyuo saba vilipoondoka kwa pamoja na kulifufua jina la CCHA. WCHA ya wanaume ikafunga milango.

KWA NINI WASICHANA HAWAKUHAMA

Jibu ni hesabu. Big Ten ina vyuo vinne tu vyenye timu za wanawake za daraja la kwanza: Minnesota, Wisconsin, Ohio State na Penn State. Michigan na Michigan State, wenye majina makubwa kwa wanaume, hawana timu ya wanawake ya ngazi hiyo. Nne si sita. Ligi ya wanawake ya Big Ten haikuwezekana, hivyo WCHA ya wanawake ikanusurika.

Matokeo yake ni kitu cha ajabu. WCHA ya wanawake ina timu nane, na kaka zao wamesambaa kwenye ligi tatu tofauti. Minnesota, Wisconsin na Ohio State wako Big Ten. Minnesota Duluth na St. Cloud State wako NCHC. Minnesota State, Bemidji State na St. Thomas walianza pamoja katika CCHA mpya. Mkurugenzi wa michezo wa Wisconsin na yule wa Bemidji hawana tena ligi ya wanaume inayowakutanisha. Barafuni, kinachowaunganisha ni wasichana.

Na wasichana hao wameibeba ligi kwa heshima. Tangu michuano ya NCAA ya wanawake ianze mwaka 2001, yametolewa mataji 24 hadi kufikia 2025, kwa kuwa mwaka 2020 haikuchezwa. Timu za WCHA zimebeba 21. Wisconsin wana nane, Minnesota sita, Minnesota Duluth matano, Ohio State mawili. Ni Clarkson pekee, kutoka jimbo la New York, waliowahi kupenya, tena mara tatu. Minnesota wa msimu wa 2012-13 walicheza mechi 41, wakashinda zote 41.

Kwa lugha nyepesi, wakati ligi za wanaume zikivunjwa na kuundwa upya, ligi bora ya wanawake ilibaki salama kwa sababu hakukuwa na timu za kutosha kuivunja. Ni bahati. Lakini ni bahati ya maskini ambaye mwizi hana cha kumwibia.

PENGO LA NORTH DAKOTA

Uchache huohuo ndio unaowanyima usingizi. Ligi ya timu nane ikipoteza tatu, tiketi ya moja kwa moja iko shakani. Na kupoteza timu si hadithi ya kufikirika, WCHA wanaijua.

Machi 2017 Chuo Kikuu cha North Dakota, kikibanwa na kupunguzwa kwa fedha za serikali ya jimbo, kilitangaza kuifuta timu yake ya wanawake pamoja na timu za kuogelea. Timu ya wanaume, ile iliyokuwa mstari wa mbele kuanzisha NCHC, iliendelea kama kawaida kwenye uwanja wake wa kifahari mjini Grand Forks. Wasichana wakaambiwa watafute vyuo vingine.

Miezi 11 baadaye, Februari 2018, Marekani na Canada zilikutana kwenye fainali ya Olimpiki huko Pyeongchang, Korea Kusini. Marekani walikuwa nyuma 2-1. Aliyesawazisha ni Monique Lamoureux-Morando. Mechi ikaenda hadi mikwaju ya penalti, na aliyefunga ule wa ushindi ni pacha wake, Jocelyne Lamoureux-Davidson. Dhahabu ya kwanza ya Marekani katika mchezo huo kwa wanawake baada ya miaka 20. Mapacha hao ni wazaliwa wa Grand Forks. Chuo walichokichezea ni North Dakota.

Dhahabu ikarudi nyumbani, timu haikurudi.

Kufutwa kwa timu hiyo hakukusababishwa moja kwa moja na kuhama kwa wanaume. Lakini kunaonyesha nani huchagua nini mfuko unapokauka. Chuo kilichokuwa kimefunga mkanda kulinda nafasi yake kwenye ligi ya wakubwa kwa wanaume, hakikuona sababu ya kufanya hivyo kwa wanawake.

ALIYEFUKUZWA AKAWA MKOMBOZI

WCHA wakabaki saba kwa misimu minne. Aliyewarudisha nane alitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha St. Thomas cha Minnesota kilitimuliwa kwenye ligi yake ya daraja la tatu, MIAC, ambako wenzake walichoshwa na vipigo. Kikaruka hadi daraja la kwanza mwaka 2021. Wanaume wakaingia CCHA mpya, wanawake wakaingia WCHA.

Safari hii panga pangua iliwapa wasichana timu, haikuwanyima. Ila angalia kinachofuata. St. Thomas wameshatangaza kwamba wanaume wao wanahamia NCHC kuanzia msimu wa 2026-27. Wanawake wanabaki WCHA. Kaka anahama kwa mara ya pili ndani ya miaka mitano, dada yuko palepale.

Mashariki nako hali ni hiyohiyo. CHA ya wanaume ilikufa mwaka 2010, ya wanawake ikaendelea peke yake kwa miaka 14, hadi ilipoungana na Atlantic Hockey ya wanaume mwaka 2024. Humo ndimo walimo wanawake wa Penn State, waliozaliwa kwa fedha zilezile zilizoanzisha Big Ten ya wanaume. Kaka zao wanawaalika Michigan na Minnesota kwenye mechi za ligi. Wao hawana ligi hiyo ya kuwaalika.

WAWILI TU

Hivyo swali linalozunguka vichwani mwa watu wa WCHA ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: itakuwaje vyuo viwili zaidi vya Big Ten vikianzisha timu za wanawake?

Kwa mchezo wenyewe hiyo ni habari njema. Timu mpya ni nafasi mpya za masomo na uwanja, na sasa kuna pa kwenda baada ya chuo, kwani ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilianza Januari 2024. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwenye ligi hiyo, Taylor Heise, alitoka Minnesota.

Kwa WCHA ni habari ya kutisha. Minnesota, Wisconsin na Ohio State wana mataji 16 kati ya 24. Wakiondoka, wanabaki Duluth, St. Cloud, Mankato, Bemidji na St. Thomas. Hao ni watano. Hawafiki sita.

Na fedha zinazidi kubana. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kiwango cha juu kikiwa Dola 20.5 milioni kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa ya mzigo huo inaelekezwa kwenye futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wanaume, na lazima utoke mahali fulani. Sheria ya mwaka 1972, maarufu kama Title IX, inakataza ubaguzi wa kijinsia vyuoni, na ndiyo ngao ya timu nyingi za wanawake. Lakini North Dakota ilifuta timu sheria hiyo ikiwepo.

Kwa sasa ratiba inaendelea. Kutoka Columbus, nyumbani kwa Ohio State, hadi Bemidji karibu na mpaka wa Canada ni zaidi ya kilomita 1,400, na mabingwa wa taifa wa 2022 na 2024 huifunga safari hiyo kwenda kucheza mjini ambako timu yao ya wanaume haidaiwi mechi ya ligi. Bemidji nao huwasubiri. Wakubwa hao wakija, wenyeji wanapata mechi ngumu kuliko zote za msimu, na ligi inahesabika kuwa na timu nane.