Watu 97 wa Miami

Fundo lilikuwa limelegea. Mama alimfunga mwanawe mikono kwa kanga yake mwenyewe kabla majirani hawajafika na kamba ya katani, na alipofika kaunta ya kituo cha polisi alikuwa bado ameishika ncha yake, kama mzazi anayemvusha mtoto barabara. Mimi nilikuwa kwenye benchi nasubiri RB ya simu iliyopotea. Kijana alikuwa na miaka ishirini na kitu, pekupeku, anazungumza na mtu ambaye sisi wengine hatukumwona.

"Amefanya nini?" askari wa zamu aliuliza.

"Anaumwa, baba."

Askari akarudia swali lake, safari hii kalamu ikiwa mkononi. Kitabu kikubwa kilichokuwa mbele yake hakikuwa na nafasi ya kuandika kuumwa. Kilitaka kosa. Mwishowe likaandikwa neno fujo. Kijana akavuliwa mkanda, akaingizwa selo. Mama akabaki na kanga mkononi.

Askari yule hakuwa mtu mbaya. Alimpa mama kiti, akamtuma mtu amletee maji. Lakini ilikuwa saa tatu usiku, zahanati imefungwa, na daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mkoa mwingine. Mlango mmoja tu ndio uliokuwa wazi mji mzima, nao ulikuwa na nondo. Asubuhi nilipopita kwenda kazini, mama alikuwa bado yuko kwenye ile benchi.

Miaka imepita tangu usiku ule, na kila ninaposoma habari za Miami namkumbuka yeye.

Mwaka 2000, jaji mmoja wa kaunti ya Miami-Dade, jimbo la Florida, Steven Leifman, aliletewa kesi ndogo, ya aina ambayo mahakama huimaliza kwa dakika chache. Kabla haijaanza, wazazi wa mshtakiwa waliomba kumwona. Walimwambia kuwa mtoto wao amesoma Harvard, ni daktari, tena daktari wa magonjwa ya akili, na kwamba sasa analala mitaani kwa sababu ya skizofrenia. Walimwomba amsaidie apate tiba, naye akawaahidi. Mshtakiwa alipoletwa alijibu maswali vizuri, kwa utaratibu wa msomi, mpaka jaji alipowataja wazazi wake waliokaa ukumbini. Hapo alilipuka. Alipiga kelele kwamba wazazi wake wa kweli wamekufa, na wale waliokaa pale ni majasusi wa CIA.

Jaji aliagiza apimwe. Wataalamu wakathibitisha kile ambacho kila aliyekuwa mahakamani alikuwa amekwisha kukiona. Kisha Leifman akagundua kuwa, kwa kosa dogo kama lile, sheria haikumpa uwezo wa kumpeleka mtu yule kwenye matibabu. Kilichobaki ni kumwachia, na mgonjwa akarudi barabarani. Ahadi waliyopewa wale wazazi ikavunjika mikononi mwa mtu aliyeitoa kwa moyo safi.

Mwaka huohuo aliwaita mezani watu ambao hawakuwa na mazoea ya kukaa pamoja: polisi, waendesha mashtaka, mawakili wa utetezi, madaktari, wenye makazi ya wasio na nyumba, na familia za wagonjwa. Kila mmoja alikuwa akikishughulikia kipande chake cha mtu yuleyule. Polisi alijua anamkamata wapi, jela ilijua inamtoa siku gani, hospitali ilijua ameondoka na karatasi gani ya dawa. Kutoka lango moja hadi lingine, hakuna aliyejua anaishije.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walichukua kazi ambayo ningependa kila nchi ifanye: kuhesabu. Waliwatafuta watu waliokuwa wakizunguka zaidi kati ya jela na hospitali katika kaunti ile, wakapata 97, wengi wao wanaume wenye skizofrenia. Kwa miaka 5 watu hao walikamatwa karibu mara 2,200. Walikaa jela siku 27,000, na siku nyingine 13,000 katika hospitali na vitengo vya dharura. Gharama ilipita dola milioni 13.

Zigawe tarakimu hizo polepole. Ni wastani wa kukamatwa mara moja kila siku 80, mtu huyohuyo, miaka 5 mfululizo. Ni zaidi ya dola 130,000 kwa kila kichwa, na mwisho wa safari mgonjwa yuko palepale alipookotwa. Kwa hiyo anayesema hakuna fedha za kuwatibu wagonjwa wa akili aonyeshwe hesabu hii. Fedha zilikuwepo na zilitumika. Zilinunua pingu, mafuta ya gari la polisi na chakula cha mahabusu.

Wamarekani hawakufika hapo kwa bahati mbaya. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo yao zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000, wengi wao katika hali ya kusikitisha. Dawa mpya ziliingia, na tarehe 31 Oktoba 1963 Rais John F. Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii, ili wagonjwa watibiwe karibu na nyumbani. Lilikuwa wazo jema. Kabla mwezi mmoja haujapita Kennedy alikuwa ameuawa. Hospitali ziliendelea kufungwa, lakini vituo vilivyojengwa vilikuwa pungufu sana ya vilivyokusudiwa. Watu walitolewa kwenye mlango mmoja kabla wa pili haujatengenezwa, wakaangukia wa tatu. Ndiyo maana jela ya kaunti ya Los Angeles, ile ya Cook iliyopo Chicago na ile ya kisiwa cha Rikers huko New York zimekuwa zikihesabiwa miongoni mwa taasisi kubwa kabisa za wagonjwa wa akili nchini humo.

Miami nayo ilikuwa na ghorofa yake ya tisa, sehemu ya jela walikowekwa wagonjwa waliozidiwa. Mwandishi Pete Earley aliingia humo na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2006. Alikutana na wanaume walio uchi au nusu uchi katika vyumba vya baridi, watu wengi katika selo ndogo. Earley alikuwa akitafuta jibu la jambo lililomkuta nyumbani. Mwanawe alikuwa amezidiwa, baba akamkimbiza hospitali, akaambiwa kuwa mradi kijana hajawa hatari ya wazi kwake au kwa wengine, hawezi kutibiwa asipotaka. Siku mbili tu baadaye kijana aliingia nyumba ya watu asiowajua, akaenda bafuni, akajaza maji na povu, akaoga. Polisi walimkuta humo. Alishtakiwa kwa makosa mazito.

Nikiisoma habari hiyo naogopa kwa namna yangu. Mtaani kwetu, kijana anayeingia uani kwa watu alfajiri akitafuta maji ya kuoga hafiki mahakamani. Linapigwa yowe la mwizi, na kabla mtu hajauliza jina lake mawe yameshamfikia.

Leifman hakuanza na jengo wala sheria mpya. Alianza na askari anayefika wa kwanza. Mbinu aliichukua Memphis. Huko, mwaka 1987, familia iliita polisi imsaidie kijana wao aliyekuwa na kisu na akijikata nacho, na polisi waliofika wakampiga risasi akafa. Mji ulichafuka kwa hasira. Mwaka uliofuata polisi wa Memphis, madaktari na familia za wagonjwa waliandaa mafunzo ya saa 40 kwa askari watakaotumwa kwenye matukio ya namna hiyo.

Kuna zoezi moja katika mafunzo ya aina hii ambalo limenikaa kichwani. Askari huvishwa vipokea sauti vya masikioni. Ndani yake kuna sauti zilizorekodiwa: moja inanong'ona, nyingine inamtukana, nyingine inamwamuru kitu. Wakati zinaendelea anapewa fomu aijaze na mtu wa pembeni anamuuliza maswali ya kawaida kabisa. Askari mwenye miaka 15 kazini, aliyezoea kusema kuwa mtu huyu ni mkaidi kwa sababu anaambiwa "lala chini" na halali, anajikuta ameshindwa kuandika anwani yake mwenyewe. Baada ya hapo anafundishwa mambo ambayo bibi yeyote mwenye busara angemfundisha: zima king'ora, simama mbali kidogo, punguza sauti, aongee mtu mmoja, jitambulishe, uliza jina, mpe muda.

Maelfu ya askari wa Miami-Dade wamepita katika mafunzo hayo. Takwimu zilizotangazwa na mradi wenyewe zinasema kwamba katika muongo ulioanza 2010, polisi wa kaunti na wa jiji walipokea simu zaidi ya 105,000 zilizohusu wagonjwa wa akili, na waliokamatwa walikuwa 198. Wengine walirudishwa kwa ndugu zao, au walipelekwa kwenye tiba badala ya jela. Wafungwa na mahabusu wa kaunti, waliokuwa zaidi ya 7,000, wakashuka chini ya 5,000. Jela moja nzima ikafungwa, na kaunti ikaokoa dola milioni 12 kwa mwaka.

Kwa wale waliokwisha kukamatwa kwa makosa madogo, kuna njia ya pili. Wanachunguzwa, na anayeonekana mgonjwa anahamishwa kutoka jela hadi kituo cha matibabu ndani ya siku chache. Akikubali kufuata tiba, mashtaka yanaweza kufutwa. Kabla ya mpango huo, kati ya kila watu 100 wa kundi hilo karibu 75 walikuwa wakirudi jela. Baada yake wakawa kama 20.

Dawa peke yake isingeleta tofauti hiyo. Ninaamini nguvu ya mpango ule iko kwa watu wawili ambao vitabu vya sheria haviwataji. Wa kwanza ni mwenye nyumba aliyekubali kumpangisha mtu aliyetoka jela. Wa pili ni yule mwongozaji aliyewahi kuumwa na akapona au akajifunza kuishi na ugonjwa wake, ambaye mradi unamwajiri amfuate mgonjwa mpya mahakamani, amsindikize kliniki, amsaidie kupata vitambulisho na posho yake. Anapomwambia, "Mimi nami nilikuwa huko," ni kweli.

Nisiwapambie. Mpango wa Miami bado unamfanya polisi kuwa mlango wa kwanza wa hospitali, na ugonjwa wa moyo hauitiwi polisi. Mji wa Eugene, Oregon, ulijaribu njia nyingine tangu 1989: simu ya kuhusu mgonjwa wa akili ilipopigwa, lilikuja gari lenye mhudumu wa afya na mtaalamu wa mambo ya dharura za akili, wasio na bunduki. Mradi huo, ulioitwa CAHOOTS, uliigwa sehemu nyingi. Mwaka 2025 huduma hiyo ilisimama Eugene kwenyewe, kwa mvutano wa fedha. Miaka 35 ya sifa haikutosha kuulinda.

Huku kwetu, milango ipo ila iko mbali na inafunguka kwa kuchelewa. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mahakama inaweza kuagiza mshtakiwa apelekwe kuchunguzwa akili. Wengi wenye kesi nzito huishia taasisi ya Isanga, Dodoma, jirani na hospitali ya akili ya Mirembe. Lakini hatua hiyo inakuja baada ya kukamatwa, baada ya selo, baada ya kesi kufunguliwa. Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa miaka mingi mtu wa namna hiyo alitolewa wodini akapandishwa kizimbani. Uamuzi ule ni mlango uliofunguliwa, na nawaomba wabunge wa Tanzania wausome.

Hatuhitaji dola za Miami kuanza. Tunahitaji kila kituo cha polisi kiwe na namba ya muuguzi wa akili wa wilaya ikiwa imebandikwa kaunta, na kitabu kile kikubwa kiwe na nafasi ya kuandika kuumwa. Tunahitaji mtu mmoja katika kila wilaya akae na madaftari ya polisi, ya mahakama na ya hospitali, awatafute watu wetu 97. Wapo, na askari wa zamu anawajua kwa majina.

Na wewe msomaji mwenye ndugu anayeumwa: ukilazimika kuita polisi, neno lako la kwanza liwe "mgonjwa." Taja jina analoitikia nyumbani, dawa aliyoacha kumeza, kama ameshika kitu au hana, kinachomtuliza na kinachomtisha. Zima redio, ondoa watu uani. Beba kadi yake ya kliniki, nenda naye mpaka kaunta, na usiondoke kabla hujamwona mtu anayeandika. Na siku ukimkuta kijana pekupeku uani kwako alfajiri, kabla hujapiga yowe, muulize anaitwa nani.