Muziki Baharini: Namna ya Kubadili Spika za Boti bila Kuhatarisha Chombo

Boti ndogo za matembezi na za uvuvi wa mchezo, kama zile zionekanazo Kilifi, Watamu na katika Ghuba ya Msasani, aghalabu huwa na redio na jozi ya vipaza sauti, au spika kama wengi tunavyoziita. Spika hizo mara nyingi ni hafifu. Injini inapowashwa, muziki humezwa na ngurumo. Na baada ya misimu michache ya jua na chumvi, sauti huanza kukwaruza. Hapo mwenye boti hushawishika kununua spika kubwa zaidi, pengine za gari, na kuzifunga mwenyewe siku ya mapumziko.

Kazi hiyo ni nyepesi kwa mikono, lakini si nyepesi kwa fikira. Spika ni sumaku, na sumaku yaweza kupotosha dira. Amplifaya hula umeme, na umeme huo hutoka katika betri ambayo pengine ndiyo ile ile inayowasha injini. Makala haya yana shabaha ya kueleza kanuni za sayansi zinazohusika, ili msomaji aweze kupata sauti nzuri bila kuhatarisha chombo na waliomo.

Spika hufanyaje kazi?

Mwaka 1925, wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani walieleza aina ya spika ambayo misingi yake inatumika hadi leo. Ndani ya spika mna sumaku ya kudumu, na katika mwanya mwembamba wa sumaku hiyo huning'inia koili ya waya iliyounganishwa na koni. Mkondo wa umeme unaogeukageuka unapopita katika koili, koili huvutwa na kusukumwa. Koni nayo huenda mbele na nyuma, na kuitikisa hewa. Mtikisiko huo ndio sauti tuisikiayo.

Kutokana na maelezo hayo twapata mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, hakuna spika ya aina hii isiyokuwa na sumaku yenye nguvu. Pili, koni husukuma hewa pande zote mbili, mbele na nyuma. Tatu, mwanya wa koili ni mwembamba mno, hata chembe ya kutu au ya chumvi yatosha kuukwaza mwendo wake.

Wati nyingi si dawa

Wengi hupima ubora wa spika kwa wati zilizoandikwa juu ya boksi. Kipimo hicho hueleza tu kiasi cha umeme ambacho spika yaweza kustahimili. Hakielezi sauti itakayotoka. Kipimo kifaacho zaidi ni wepesi wa spika, yaani idadi ya desibeli inazotoa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1.

Tuchukue spika mbili: ya kwanza hutoa desibeli 86, na ya pili hutoa desibeli 92. Kila nyongeza ya desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Kwa hiyo tofauti ya desibeli 6 ni sawa na kuzidisha mara nne. Spika ya pili ikipewa wati 20 italingana na ya kwanza iliyopewa wati 80. Ni dhahiri kwamba mwenye boti akichagua spika nyepesi ataongeza sauti bila kuongeza hata kidogo mzigo wa betri.

Jambo hili lina uzito kwa sababu umeme wa boti una mipaka. Redio ya kawaida isiyokuwa na kifaa cha kupandisha volti, ikitegemea betri ya volti 12, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 18 hivi zilizo safi. Injini ikizunguka na volti kupanda hadi 14.4, kikomo hufika wati 26. Tarakimu kubwa zaidi zilizoandikwa katika matangazo ya biashara ni za kilele cha muda mfupi mno, si za nguvu ya kudumu.

Hali kadhalika, yafaa kuchunguza omu. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba katika tundu moja la amplifaya huwa kama spika moja ya omu 2. Mkondo huongezeka maradufu, na amplifaya isiyotengenezwa kwa mzigo huo yaweza kupata joto na kuungua.

Mahali pa kuzifunga

Sebuleni, kuta na dari huturudishia sauti. Baharini hakuna kuta. Sauti ikiisha kutoka katika spika huenda zake, na kila umbali unapozidi mara mbili, nguvu yake hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa sababu hiyo, spika nne ndogo zilizowekwa karibu na viti hushinda spika mbili kubwa zilizowekwa mbali, na hutumia umeme mdogo zaidi.

Sauti nzito zina shida yake. Sauti ya mitikisiko 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4 hivi hewani. Wimbi refu kama hilo huzunguka ukingo wa spika kwa urahisi, na lile litokalo nyuma hukutana na lile la mbele na kulifuta. Hii ndiyo sababu spika iliyoachwa wazi hutoa sauti kavu isiyo na ngoma. Spika haina budi ifungwe katika ubao usiotikisika, nyuma yake pazibwe vema, na mpira wa kuzibia uwekwe kati ya fremu na ubao. Mpira huo hufanya kazi mbili: huzuia hewa kuvuja na maji kupenya.

Chumvi, unyevu na jua

Spika ya gari hutengenezwa kwa ajili ya mahali pakavu. Koni yake yaweza kuwa ya karatasi, ambayo hunywa unyevu, huwa nzito na mwishowe huchanika. Fremu yake yaweza kuwa ya chuma cha kawaida. Baharini, chumvi iliyokauka juu ya chuma huvuta unyevu wa hewa, hivyo kutu huendelea hata siku ambayo boti haikurushiwa tone la maji.

Spika ya baharini yapasa iwe na koni ya plastiki, mathalani polipropilini, na ukingo wa mpira. Plastiki hiyo iwe imetiwa dawa ya kukinga miale ya urujuanimno, la sivyo jua litaifanya ikauke na kupasuka. Sehemu za chuma zipakwe rangi au zifunikwe, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa aina iitwayo 316.

Msomaji atazame pia alama ya herufi IP iliyofuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya kinga dhidi ya vumbi, na ya pili ni ya kinga dhidi ya maji. Tarakimu 5 katika nafasi ya pili maana yake ni kustahimili maji yanayorushwa kwa mpira; 7 maana yake ni kustahimili kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa nusu saa. Hata hivyo, aulize kama alama hiyo ni ya spika nzima au ya upande wa mbele tu, kwani upande wa nyuma hupatwa na unyevu wa sandukuni.

Sumaku na dira

Mwaka 1820 mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted, alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira iliyo karibu. Basi ndani ya boti dira ina maadui wawili: sumaku ya spika na nyaya za amplifaya.

Upotofu wa nyuzi 5 waweza kuonekana kuwa mdogo. Lakini boti ikienda maili 10 za baharini kwa dira iliyopotoka nyuzi 5, itafika mahali palipo karibu kilomita 1.6 kando ya pale palipokusudiwa. Katika pwani yetu, ambako vyombo huingia kwa milango iliyo kati ya miamba ya matumbawe, tofauti hiyo ni kati ya kuingia mlangoni na kupanda juu ya mwamba.

Pengine msomaji atasema kwamba siku hizi boti huongozwa kwa vyombo vya setilaiti. Ni kweli, lakini vyombo hivyo hutegemea betri, nayo dira haitegemei. Siku ambayo betri imekwisha ndiyo siku ambayo nahodha huikimbilia dira, na siku hiyo hapana budi iseme kweli. Zaidi ya hayo, boti nyingi zenye usukani wa kujiendesha zina dira ya pili ya umeme iliyofichwa chini ya kiti au ndani ya kabati. Spika ikifungwa upande wa pili wa ubao huo, usukani utafuata njia ya uongo, na dira ya mbele ya nahodha haitaonyesha kasoro yoyote.

Bahati njema ni kwamba nguvu ya sumaku hufifia upesi. Umbali ukizidishwa mara mbili, uga wa sumaku hupungua hadi sehemu moja ya nane hivi. Jaribio lake ni rahisi. Boti ikiwa imefungwa gatini pasipo kutikisika, mtu mmoja aisome dira. Mwingine alete spika polepole kuelekea pale inapokusudiwa kufungwa. Sindano ikisogea hata kidogo, mahali hapo hapafai. Jaribio lirudiwe karibu na dira iliyofichwa, na lirudiwe tena muziki ukipigwa. Nyaya mbili za kupeleka umeme kwa amplifaya zisokotwe pamoja, kwani mikondo yake huenda pande zinazopingana na nyuga zake hufutana.

Betri, nyaya na moto

Tuseme amplifaya inakula ampea 10 kwa wastani, na betri ni ya risasi na asidi yenye uwezo wa ampea-saa 100. Boti ikitia nanga na injini kuzimwa, muziki wa saa 5 utakula ampea-saa 50, yaani nusu ya akiba. Betri za aina hii huharibika upesi zikizoeshwa kuteremshwa chini ya nusu, na iliyochakaa haina hata nusu hiyo. Upepo wa jioni ukianza na injini ikakataa kuwaka, muziki utakuwa umelipiwa ghali mno. Kwa hiyo betri ya kuwashia injini itengwe kabisa. Muziki uwe na betri yake, na kati ya hizo mbili pawe na swichi ya kuzitenga.

Waya nao upimwe kwa hesabu. Tuseme amplifaya iko mita 6 kutoka kwenye betri, nayo inavuta ampea 15. Mkondo husafiri kwenda na kurudi, jumla mita 12. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba utapoteza karibu volti 1.3 njiani, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti 12. Waya wa milimita 10 za mraba utapoteza volti 0.3 tu. Waya bora ni ule ambao kila uzi wake wa shaba umetiwa bati, kwa kuwa shaba tupu huliwa na unyevu wa chumvi na kugeuka kijani.

Mwisho, fyuzi. Betri ikipata njia fupi yaweza kutoa mamia ya ampea, na waya ukawa mwekundu kama mkaa ndani ya boti ya fibaglasi iliyobeba petroli. Fyuzi huwekwa kuulinda waya, wala si kuilinda redio. Kwa hiyo kipimo chake kisizidi uwezo wa waya, na mahali pake ni karibu iwezekanavyo na betri. Baraza la boti la Marekani, liitwalo American Boat and Yacht Council, katika kanuni zake hutaja sentimita 18 hivi kwa waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri. Sehemu iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi.

Masikio ya nahodha

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 5, zataka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na wa masikio wakati wote. Honi ya meli, wito wa redio ya mawasiliano, kelele ya mtu aliyeanguka majini na mlio mpya wa injini, vyote hupitia sikioni. Inafaa spika za usukanini ziwe na kidhibiti sauti chake peke yake, kilicho karibu na mkono wa nahodha. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma, na kila sauti inapopanda kwa desibeli 3 muda huo upunguzwe nusu.

Wenyeji wa nchi kavu nao wakumbukwe. Usiku mtulivu, hewa ya chini inapokuwa baridi kuliko ya juu, mawimbi ya sauti hupinda kuelekea chini na kusafiri mbali juu ya maji. Muziki ambao ni wa kiasi botini waweza kumkesha mtu aliye ng'ambo ya hori.

Kwa ufupi, mwenye boti afuate utaratibu huu: kwanza ajaribu dira, ndipo akate tundu, achague spika nyepesi ya baharini kabla ya kufikiria amplifaya kubwa, atenge betri ya injini, apime waya kwa hesabu, na fyuzi iwe kitu cha kwanza baada ya betri. Akiisha kufanya hayo, na afungulie muziki.