Watoto waliozaliwa kabla ya wakati: kifua cha mama mbele ya kuvezi

Umeme unapokatika ndani ya maternite, wa kwanza kuumia ni mtoto wa gramu 1 400 aliyelazwa ndani ya kuvezi, ile mashine ya joto. Nchini Congo, ambako karibu mtu 1 tu kati ya 5 anapata umeme, mashine hiyo inategemea jenereta na pesa ya mafuta. Na vituo vingi vya afya vya vijijini havina hata moja.

Joto lisilokatika lipo, nalo ni la mwili wa mama. Madaktari wanaita njia hiyo matunzo ya kanguru. Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na kofia, soksi na nepi tu. Anawekwa wima kwenye kifua kitupu cha mama, katikati ya maziwa, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue vizuri, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha kikwembe kinafungwa, kikaze kiasi kwamba mama akisimama mtoto hatelezi. Mama zetu wamezoea kubeba mtoto mgongoni, kwa hiyo kufunga si kazi mpya kwao.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na joto linamtoka haraka. Akipoa, sukari na hewa kidogo aliyo nayo vinaishia katika kutafuta joto. Anaacha kunyonya, na pumzi inaanza kukatika. Ndiyo maana kumwogesha mara tu anapozaliwa, jambo ambalo bibi wengi bado wanalidai, ni hatari kwake.

Njia hii ilizaliwa kwa sababu ya ukosefu. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, docta Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine, wakilazwa pamoja na kuambukizana magonjwa. Akawapa mama zao. Kwa miaka mingi wengi waliidharau kama dawa ya maskini, ya kutumia mpaka kuvezi ipatikane. Hata pale ilipokubalika, amri ilibaki ileile: kwanza mtoto atulie kwenye mashine, mama baadaye. Lakini wengi wa watoto wadogo wanakufa katika siku zile za kwanza, kabla ya kutulia.

Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulipindua amri hiyo. Ulifanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3 200 wa kati ya gramu 1 000 na 1 799. Kwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Kwa waliosubiri kwanza kutulia walikuwa asilimia 15,7. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mapema. Novemba 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, likashauri kuanza mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye mahututi. Oksijeni, dawa na docta vinabaki vya lazima.

Kifua hakinunuliwi, lakini saa za mama zina bei. Katika utafiti ule, watoto walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku wakiwa chumba cha wagonjwa mahututi, na hilo liliwezekana kwa sababu vitanda vya mama viliingizwa mle ndani. Kwa kawaida mama anabaki nje ya mlango, anaingia kunyonyesha, anatoka. Mwenye watoto wengine nyumbani, shamba au biashara ndogo sokoni, atakaaje wiki tatu amefunga mtoto kifuani? Nani atapika? Na kila siku kitandani inaongeza deni la hospitali. Huduma ya bure kwa wazazi na watoto wachanga iliyozinduliwa na serikali mjini Kinshasa Septemba 2023 inagusa hapo hasa, ila haimpikii mtu chakula nyumbani.

Hapo ndipo baba anahitajika, na si kwa kulipa tu. Kifua chake kinapasha joto pia, vilevile cha bibi au cha dada, mama anapolala au kuoga. Bado kuna wanaocheka wakiona mwanaume amefunga mtoto mbele. Wacheke.

Maziwa nayo yana kazi yake. Kabla ya wiki kama 34 wengi hawajui kunyonya na kumeza kwa pamoja. Mama anakamua, mtoto anapewa kwa kikombe kidogo au kwa mpira mwembamba. Wakirudi nyumbani kikwembe kinaendelea, na kupima uzito pia. Akiacha kunyonya, akipoa, akiwaka moto au pumzi ikisimama, ni kurudi hospitalini usiku huohuo.

Siku ya kuacha, mtoto mwenyewe ndiye anayeitangaza. Akikaribia kilo 2,5 anaanza kujinyoosha, anapiga mateke, anatoa mikono nje ya kikwembe na kulia kila anapofungwa.